Hayasinti: Ua la Aprili Linaloundwa Kiangazi

Mwezi wa Septemba, mtunza bustani akichukua tunguu la hayasinti na kulipasua katikati kwa kisu kikali, kuanzia ncha hadi kitako, atakuta mmea wa mwaka ujao umekwisha kuundwa humo ndani. Magamba meupe, mazito, yenye majimaji, yamepangana tabaka juu ya tabaka. Katikati yake yamesimama majani machanga ya manjano hafifu, nayo yamekumbatia kijibua kisichofika hata sentimita 2. Kikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, kijibua hicho huonekana kimejaa vinundu, na kila kinundu ni ua moja. Baridi haijaingia na Aprili bado iko mbali, lakini maua yake yamekwisha kupangwa.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa kilimo chote cha hayasinti. Watu wengi huliona ua hili likichomoza udongoni theluji ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka, wakadhani ni kazi ya majira ya kuchipua. Majira hayo hulifungua tu. Ua lenyewe huundwa kwa joto la kiangazi kilichotangulia, bua lake hurefushwa na baridi ya miezi kadhaa, na chakula chake chote kimewekwa akiba na majani ya mwaka uliopita. Ukichunguza malalamiko ya wapandaji, iwe ni ua lililokwama chini, bua lililoanguka au tunguu lililotoa majani matupu, mara nyingi utakuta mojawapo ya mambo hayo matatu limevurugwa.

Hayasinti ya bustanini, ambayo Carl Linnaeus aliipa jina la kisayansi la Hyacinthus orientalis mwaka 1753, asili yake ni miteremko yenye mawe ya kusini mwa Uturuki, Syria na Lebanon. Huko kiangazi ni kikavu na cha joto kali, na majira ya baridi ndiyo yenye mvua. Mmea umezoea kukaa kimya ardhini wakati wa ukame, kutoa mizizi mvua zinaporudi, kisha kuchanua haraka kabla jua kali halijarejea. Tabia hiyo haikubadilika ulipohamishiwa Ulaya, na haitabadilika kwa kupenda kwa mwenye bustani.

Wasomaji wa Kisumu, Mwanza na Entebbe wasiichanganye na gugu maji lililovamia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wazungumzaji wa Kiingereza wameipa mimea hiyo miwili jina linalokaribiana, lakini haina undugu wa karibu. Gugu maji limetoka Amerika ya Kusini na huelea juu ya maji. Hayasinti ikikaa kwenye maji yaliyotuama, tunguu lake huoza.

Bustani za Dola ya Osmani zilikuwa zikiithamini hayasinti kabla Ulaya Magharibi haijaijua. Katika karne ya 16 ilifika Italia, ikalimwa katika bustani ya mimea ya Padua iliyoanzishwa mwaka 1545, kisha ikaendelea kaskazini. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius, aliyehamia Leiden mwaka 1593, alikuwa miongoni mwa waliosambaza matunguu ya mashariki katika Uholanzi. Hayasinti ya mwituni ni mmea mnyenyekevu wenye viua vichache vya buluu vilivyoachana kwenye bua jembamba. Wakulima wa Haarlem ndio walioigeuza, kizazi baada ya kizazi, ikawa na bua nene lililojaa viua vilivyobanana.

Katika mji huo inasimuliwa habari ya Peter Voorhelm, mkulima aliyekuwa akiing'oa na kuitupa kila hayasinti iliyotoa maua yenye petali maradufu, kwa kuwa maua hayo hayakutoa mbegu nzuri. Msimu mmoja aliugua, akachelewa kufika shambani, na alipofika akakuta mmoja wa mimea hiyo umekwisha kuchanua. Mteja akaupenda na kutaka kuununua. Voorhelm akaanza kuizalisha ile aliyokuwa akiitupa, na mojawapo ya aina zake, iliyopewa jina la mfalme wa Uingereza, iliuzwa kwa zaidi ya gilda 1,000 kwa tunguu moja. Kufikia karne ya 18 hayasinti ilikuwa imeipokonya tulipu nafasi yake ya ua la fahari, na mjukuu wa Peter, George Voorhelm, aliandika kitabu kizima juu ya hayasinti mwaka 1752.

Ukanda wa matunguu kati ya Haarlem na Leiden bado unailima hadi leo. Ardhi yake ni mchanga ulio nyuma ya vilima vya pwani, na wakulima hutumia mifereji na pampu kuweka maji ya ardhini takriban sentimita 55 hadi 60 chini ya uso wa shamba, si juu zaidi wala chini zaidi. Mizizi hupata maji na kitako cha tunguu hubaki pakavu. Mwenye bustani ndogo hana mifereji wala pampu, lakini hilo ndilo sharti analopaswa kulitimiza kwa njia yake: udongo unaopitisha maji.

Elimu ya nini hasa hutokea ndani ya tunguu ilitoka Wageningen, Uholanzi, katika miaka ya 1920. Mtafiti A. H. Blaauw na wenzake waliyahifadhi matunguu katika viwango mbalimbali vya joto, wakawa wanayapasua kila baada ya muda na kuyachunguza kwa hadubini. Waliona kwamba majani yakishanyauka mapema kiangazi, ncha ya chipukizi ndani ya tunguu huacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza maua, na kwamba kazi hiyo huenda vizuri zaidi katika joto la takriban nyuzi 25 za Selsiasi. Ndiyo maana ghala la hayasinti huko Uholanzi huwa na joto na hewa ya kutosha mwezi wa Julai na Agosti, wakati mgeni angetarajia kulikuta limepozwa.

Baada ya joto huja zamu ya baridi. Tunguu likishapandwa huhitaji kati ya majuma 10 na 14 ya ubaridi wa nyuzi 5 hadi 9. Katika kipindi hicho, juu ya ardhi hakuna kinachoonekana, lakini chini mizizi inatanda na bua linajiandaa kurefuka. Baridi ikiwa pungufu, hesabu hukatika katikati: ua lipo na rangi ipo, lakini bua halirefuki, na viua hufunguka vikiwa vimebanwa kwenye shingo ya tunguu katikati ya majani. Wapandaji wengi hulaumu mbolea kwa kasoro hiyo, na mbolea haihusiki hata kidogo.

Kununua nako kuna utaratibu wake. Matunguu ya hayasinti hupangwa kwa mzingo, yaani urefu wa kamba inayozunguka tumbo lake kwa sentimita, na mfuko huandikwa 14/15, 15/16 hadi 18/19 na zaidi. Mnunuzi hushawishika kuchukua yale makubwa kuliko yote. Kwa chungu cha ndani ya nyumba ni sawa, kwa sababu hutoa bua zito lililojaa. Kwa bustani ya nje, ya 14 hadi 16 yanafaa zaidi, maana ua lenye uzito wa kiasi husimama imara hata mvua na upepo wa Aprili ukilipiga. Tunguu jema ni gumu na zito mkononi, na kitako chake ni kizima bila doa laini. Rangi ya ganda la nje huashiria rangi ya ua: ganda la zambarau mara nyingi hutoa maua ya buluu, zambarau au waridi, na ganda jeupe hutoa maua meupe au ya njano.

Kuna pia matunguu yanayouzwa yakiwa yameandaliwa, yaliyopewa joto maalumu na mkulima ili yachanue ndani ya nyumba kuanzia Desemba. Bei yake iko juu na kazi yake ni ya ndani. Kuyapanda nje ni kutupa fedha.

Kabla ya kuyashika, glavu ni lazima. Magamba yake yana fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, ambazo hupenya ngozi na kuleta mwasho. Wafanyakazi wa maghala ya matunguu wanaufahamu sana mwasho huo. Fuwele hizo ndizo zinazomfanya kindi, ambaye hufukua tulipu bila huruma, aipite hayasinti bila kuigusa. Tunguu lina sumu kwa binadamu, mbwa, paka na mifugo, na kwa macho ya haraka hufanana na kitunguu cha jikoni. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza iliwataka wenye maduka makubwa wasipange matunguu ya narsisi karibu na mboga, baada ya watu kuyala kwa kukosea. Tahadhari hiyo inaihusu hayasinti pia: mfuko usikae jikoni, na uandikwe jina kwa herufi kubwa.

Katika Uingereza na Uholanzi, upandaji hufanyika kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba. Katika miji ya baridi kali kama Toronto na Minneapolis, ambako Waswahili wengi wamejenga maisha, ni vyema kazi iishe ndani ya Oktoba ili mizizi ipate wiki kadhaa kabla ardhi haijaganda, na tuta lifunikwe kwa tabaka la majani makavu. Mahali pawe na jua angalau nusu ya siku. Udongo wa mfinyanzi uchanganywe na mchanga mnene na mboji iliyoiva, au tuta liinuliwe. Samadi mbichi isiwekwe kabisa, kwa kuwa huchochea kuoza.

Shimo huchimbwa ili juu ya ncha ya tunguu kubaki udongo wa takriban sentimita 10, na kati ya tunguu na tunguu huachwa sentimita 10 hadi 15. Ncha hutazama juu. Tunguu huwekwa kwa upole kwenye udongo uliolegezwa, bila kulisukuma na kulizungusha, ili kitako kisichubuke. Maji hutiwa mara moja baada ya kufukia, kisha mvua za msimu huachiwa kazi. Jambo moja lisisahaulike: mizizi ya hayasinti haina matawi, na ikikatika haioti tena msimu huo. Tunguu lililokwisha kuota mizizi mwezi wa Novemba halihamishwi hata kama mpandaji amebadili mawazo juu ya mpangilio wa bustani.

Ncha za kijani zikichomoza Februari au Machi, wapandaji wapya huingiwa na hofu ya sakitu. Majani na matumba yaliyofungana huvumilia baridi bila shida. Huo ndio wakati wa kutia mbolea kidogo yenye potashi nyingi kuliko naitrojeni, maana naitrojeni ikizidi hutoa majani mengi na bua laini.

Kisha maua yanafunguka. Viua vya chini hutangulia, kila kimoja kikiwa na ncha sita zilizojikunja kwa nyuma, na kufunguka hupanda siku kwa siku kuelekea kileleni. Harufu hufika kabla ya mtu kulikaribia tuta. Mojawapo ya kemikali zinazoitoa ni fenilasetaldehidi, inayotumiwa pia na watengenezaji wa manukato, na nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba bua moja hujaza chumba. Mwenye kuumwa kichwa kwa manukato asiliweke katika chumba cha kulala.

Kati ya aina zinazopatikana kwa urahisi, 'Delft Blue' ya buluu ya porselini, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940, ndiyo ya kuaminika kwa anayeanza. 'Carnegie' ni nyeupe safi, 'Jan Bos' ni nyekundu yenye uwaridi mkali, na 'Woodstock' ni ya zambarau iliyokolea. 'City of Haarlem', ya njano hafifu, ipo tangu mwishoni mwa karne ya 19 na bado haijapata mpinzani katika rangi yake. Anayetaka kuziona zote pamoja huenda Keukenhof, karibu na Lisse, bustani ya hekta 32 ambayo kila mwaka hupandwa matunguu takriban milioni 7 na hufunguliwa kwa majuma manane hivi, Machi hadi Mei. Mwezi wa Aprili, magari ya maandamano ya maua yanayotoka Noordwijk kwenda Haarlem hupambwa kwa viua vya hayasinti vilivyochumwa kimoja kimoja.

Nchini Iran ua hili lina hadhi nyingine. Siku ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, tarehe 20 au 21 Machi, chungu cha hayasinti huwekwa kwenye kitambaa cha haft-sin pamoja na vitu vingine vinavyoukaribisha mwaka. Pwani ya Waswahili iliurithi mwaka huo wa Kiajemi kwa jina la Nairuzi, unaosherehekewa Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Sikukuu ilivuka bahari na pepo za kusi na kaskazi. Ua halikuweza.

Baada ya viua kunyauka ndipo bustani nyingi huharibiwa. Majani hulala chini, hupoteza mng'ao, na mwenye bustani nadhifu huyakata au kuyafunga fundo. Kufanya hivyo ni kuunyima mmea chakula cha mwaka mzima. Kinachotakiwa ni kuondoa viua vilivyokauka tu, ili nguvu isiishie kwenye mbegu, kisha kuyaacha majani yapate jua hadi yageuke njano yenyewe, kazi inayoweza kuchukua majuma sita au zaidi. Asiyependa kuyatazama apande mbele yake mimea ya kiangazi itakayoyafunika.

Mwaka wa pili ua huwa jembamba, lenye viua vichache na nafasi kati yake. Wengi hudhani tunguu limezeeka. Ukweli ni kwamba limeacha kulelewa kwa joto la ghala la Uholanzi na limerudi karibu na umbo la asili yake. Hayasinti ya namna hiyo hupendeza kando ya njia au chini ya miti inayopukutisha majani, na katika udongo usiotuamisha maji huchanua kwa miaka mingi. Penye mvua nyingi za kiangazi, matunguu yang'olewe majani yakishakauka, yaanikwe kivulini, na yahifadhiwe penye joto na hewa hadi vuli.

Anayeshangaa bei ya tunguu kubwa anapaswa kujua lilikotoka. Hayasinti hutoa vitoto vichache sana ikiachwa yenyewe, kwa hiyo wakulima huilazimisha. Kiangazi, kitako cha tunguu lililokomaa huchimbwa chote kwa kisu chenye ubapa uliopinda, au hupasuliwa kwa mikato inayopishana katikati. Matunguu hupangwa kwenye sinia yakiwa yamepinduliwa, katika joto na unyevu uliodhibitiwa, na kwenye kingo za magamba yaliyokatwa huota vitoto vidogo vyeupe, mara nyingine zaidi ya 20 kwa tunguu moja. Vitoto hivyo hupandwa, hung'olewa na kupandwa tena kwa miaka mitatu au minne kabla ya kufikia ukubwa wa kuuzwa.

Miaka yote hiyo adui yuko karibu. Ugonjwa wa manjano, unaotokana na bakteria Xanthomonas hyacinthi, huacha michirizi ya njano kwenye majani na kuligeuza tunguu kuwa ute. Jan Hendrik Wakker aliueleza mapema katika miaka ya 1880, na ni miongoni mwa magonjwa ya mwanzo kabisa ya mimea kuthibitishwa kuwa yanaletwa na bakteria. Hauna dawa ya kuponya. Mmea wenye dalili hung'olewa na kuharibiwa, na kisu hutakaswa kabla ya kugusa mwingine.

Na Afrika Mashariki? Dar es Salaam au Mombasa hayasinti haiwezi kuchanua ardhini, na hata Limuru, Lushoto na Njombe, ambako usiku ni wa baridi, mchana huupasha udongo joto kabla mmea haujatimiza majuma yake. Njia iliyobaki ni jokofu: matunguu hupandwa kwenye vyungu na kukaa humo gizani majuma 10 hadi 14, mbali na ndizi na maembe yanayoiva, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huua tumba ndani ya tunguu. Yakitolewa, maua hudumu zaidi nyanda za juu, na pwani hunyauka upesi. Matunguu yasibebwe kwenye sanduku la safari kimyakimya: uingizaji wake unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, kupitia taasisi za serikali, KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, na ugonjwa wa Wakker unatosha kueleza sababu.

Mwenye kupenda maua ya matunguu bila jokofu anao mmea wa nyumbani. Scadoxus multiflorus, wa asili katika sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki, hutoa mpira mwekundu wa viua vingi vyembamba mvua zinapoanza, na hauhitaji hata siku moja ya baridi. Nao pia una sumu, kwa hiyo mfuko wake nao usikae jikoni.

Kwa Waswahili walio Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nafasi ni hii ya vuli. Matunguu kumi ya 'Delft Blue' ya ukubwa wa kati, glavu, sepetu na nusu saa ya mwezi Oktoba vinatosha kuanzia. Kazi iliyo ngumu itakuja Mei, maua yakishapita na majani yakianza kuchakaa, nayo ni kuuacha mkasi ndani ya nyumba hadi jani la mwisho liwe njano.